Kabla hujanunua kopo la virutubisho: mwongozo kamili wa lishe, vidonge na matangazo ya afya kwa sisi wa Tanga

Ukipita Ngamiani siku hizi, kuanzia barabara ya kwanza mpaka zile za juu kule, kila kona kuna mtu anauza afya, huyu ana unga wa mlonge kwenye vimfuko vya nailoni, yule ana makopo yenye picha ya moyo na figo, mwingine kakodi chumba kaweka meza na kimashine cha "kupima mwili mzima", na hapo bado hujafungua simu, kwenye stetasi za watsapu huko ndo usiseme. Mi nauza duka la dawa Makorora na maswali haya nayapata kila siku, sasa mtu akiuliza na nyuma yake kuna foleni siwezi kumjibu vizuri, kwaiyo nimeamua niyaandike yote hapa kwa mpangilio. Swali la kushika ni moja tu, na utaliona linajirudia kila hatua: mwili wangu umepungukiwa nini, na nani kanipima?

Hatua ya 1: anza na sahani yako

Pesa ya kopo kabla haijatoka, angalia unachokula wiki nzima. Wengi wetu pwani huku asubuhi ni chai ya sukari na maandazi au mihogo ya kukaanga, mchana wali mlima na mchuzi kidogo, usiku ugali. Hapo umekula wanga mara tatu na mboga labda vijiko viwili. Kipimo rahisi ambacho hakihitaji mizani ni hiki, nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe wanga (ugali, wali, muhogo, ndizi, viazi), robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, maharage, mbaazi, choroko, yai au nyama. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Matembele, kisamvu, mchicha, bamia, mlenda, vyote hivo soko la Mgandini vimejaa, na machungwa ya Muheza yapo jirani tu hapo.

Mbaazi za nazi nazitetea, ni chakula kizuri sana chenye protini na nyuzinyuzi, ila tui liwe jepesi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au protini ina 4, kwaiyo tui zito kwenye wali, kwenye mboga na kwenye maharage kila siku linajumlisha kalori nyingi bila mtu kuhisi kashiba zaidi.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na hapo ng'onda na papa mkavu wanahesabika maana wamejaa chumvi, loweka umwage maji kabla ya kupika. Alafu nunua chumvi ya pakti iliyoandikwa ina madini joto. Ile ya kupimiwa kwenye kikopo inaweza isiwe nayo kabisa, na madini joto yakikosekana ndo tunapata rovu, na kwa mama mjamzito mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa.

Sukari, fanya hesabu mwenyewe. Kijiko cha chai kina kama gramu 4. Ushauri ni mtu mzima wa kawaida asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ziwe 25. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vitatu ni gramu 24, ukiongeza soda moja ndogo yenye 30 na ushee tayari umevuka 50, na ni saa saba mchana tu.

Kitu kimoja zaidi, hiki nakisisitiza kwa akina mama. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kunyonya madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Isogeze mbele lisaa limoja. Badala yake kula chungwa au kamulia ndimu kwenye mboga, vitamini C inasaidia madini chuma yanyonywe. Badiliko hilo halina gharama yoyote.

Hatua ya 2: jua nani kweli anahitaji vidonge

Sisemi vidonge vyote ni wizi. Kuna watu wanavihitaji na kuviacha ni hatari. Mama mjamzito anatakiwa ameze vidonge vya madini chuma na foliki asidi kila siku, vile tunaviita fefo, Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 30 mpaka 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki asidi, na kliniki ndo pa kuvipata. Inaniuma nikiona mama kaviacha kabatini kwa sababu vinamtia kichefuchefu alafu kaenda kununua "saplimenti ya wajawazito" ya bei mbaya. Kichefuchefu mwambie nesi, vimeze usiku baada ya kula, na kinyesi kuwa cheusi kisikutishe, ni kawaida ya chuma.

Watoto wa miezi 6 mpaka 59 wapate matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na akiharisha apewe zinki siku 10 mpaka 14 pamoja na maji ya ORS. Mwenye selimundu anapewa foliki asidi na daktari wake, na asijinunulie madini chuma bila kupimwa, maana akiongezewa damu mara nyingi chuma kinaweza kuwa kimeshajaa mwilini. Anayetumia metformini kwa sukari miaka mingi aulizie vitamini B12, dawa hiyo inaweza kuishusha. Na asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, naye B12 inamhusu.

Ukiwa nje ya makundi hayo, unakula mchanganyiko, huna ugonjwa, kopo la maltivitamini halitakuongezea kitu kikubwa.

Hatua ya 3: pima kabla ya kutibu

"Nina damu kidogo" ndo neno ninalolisikia sana. Nani kasema? Jirani kaniangalia macho. Hapana jamani. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidole na kinafanyika zahanati nyingi, kwa mwanamke asiye mjamzito ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita hapo kweli damu imepungua, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. Na ikipungua, sababu ni nyingi, huku kwetu pwani kuna minyoo ya safura, kichocho, malaria, hedhi nzito, selimundu. Mwenye safura hata anywe chuma mwaka mzima minyoo inaendelea kumnyonya, dawa yake ya kwanza ni kutoa minyoo.

Sasa hapa ndo inaingia juisi ya rozela na bitiruti. Watu wanaamini zinaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Wekundu wa bitiruti unatokana na rangi za mmea wenyewe, hauna uhusiano na damu. Gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu 1 ya chuma, wakati mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku na mjamzito 27. Zinywe kama juisi, ni nzuri, ila aliyepimwa akakutwa na 7 akaambiwa anywe rozela mpaka ipande, huyo anacheleweshwa. Rozela pia inashusha presha kidogo, kwaiyo ukiwa unameza dawa za presha usiinywe jagi zima kila siku bila kumwambia daktari.

Na kile kimashine cha kupima mwili mzima. Unaambiwa ushike kijiti mkononi kimeunganishwa na laptopu, dakika moja tu zinatoka kurasa za majibu, ini lako lina mafuta, mifupa imepungukiwa kalsiamu, figo zina uchovu, kibofu kina joto. Angalia kwa makini wanachoanza nacho, wanaingiza jina, umri, jinsia, urefu na uzito wako, na hakuna tone la damu wala mkojo unaochukuliwa. Hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoweza kujua kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Ukitaka uhakika rudi siku nyingine, waambie umri na uzito tofauti uone kama majibu yatafanana. Na kitu cha kukujulisha zaidi ni hiki, anayekupima ndiye anayekuuzia makopo ya kutibu alichokiona. Ukikuta mpimaji na muuzaji ni mtu mmoja, na kila anayepimwa anakutwa na shida, toka.

Hatua ya 4: soma lebo, fanya hesabu

Kwenye kopo tafuta jina la mtengenezaji na anwani yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na kiasi cha kila kirutubisho kwa miligramu au mikrogramu kwa dozi moja. Ikiwa imeandikwa "mchanganyiko maalumu wa siri" bila viwango, hujui unameza nini. Usajili nao uulize vizuri kwa sababu wauzaji wanachanganya makusudi, dawa za hospitali na vifaa tiba zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), chakula kiko chini ya Shirika la Viwango (TBS), dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtu akikuonyesha cheti cha kusajili kampuni au leseni ya biashara, hicho kinamruhusu kufanya biashara, hakisemi kwamba bidhaa inatibu chochote. Na alama ya TBS kwenye chakula haina maana kinaponya kisukari.

Chukua mfano wa mlonge. Majani yake ni mboga nzuri, mi mwenyewe nayapika na nazi. Ila ukiambiwa unga wake una vitamini fulani "mara saba ya chungwa", uliza kwa kipimo gani. Wanalinganisha gramu 100 za unga na gramu 100 za chungwa. Chungwa moja la kawaida linafika hizo gramu 100 na zaidi ukilimenya na kula, lakini unga unatia kijiko cha chai, kama gramu 2 au 3. Kwaiyo hata ikiwa ni kweli mara saba, gramu 3 ukizidisha mara 7 ni sawa na gramu 21 za chungwa, yaani vipande viwili vitatu. Alafu vitamini C yenyewe inapungua sana majani yakikaushwa. Hesabu hii ukiijua, matangazo mengi ya unga hayatakusumbua tena.

Bei pia ipigie hesabu kwa siku. Kopo la 60,000 la siku 30 ni 2,000 kila siku. Ukiiweka hiyo 2,000 kila siku kwenye dagaa, mboga na machungwa, familia nzima inafaidi. Dagaa mkavu unamla na mifupa yake, hiyo ndo kalsiamu yenyewe, pamoja na chuma na protini.

Hatua ya 5: isikilize lugha ya tangazo

Kuna maneno ukiyasikia usimame hapo hapo. Inatibu magonjwa mengi yasiyohusiana, presha, sukari, uvimbe, ugumba, nguvu za kiume, yote kopo moja. Magonjwa hayo yana vyanzo tofauti, hakuna kitu kimoja kinachoyamaliza. "Inaponyesha kabisa kisukari" au "utaachana na dawa za hospitali", hili ndo la hatari kuliko yote. "Haina kemikali", wakati maji yenyewe ni kemikali. "Ya asili haina madhara", na tumbaku je? muhogo mchungu je? "Inasafisha sumu mwilini", mwulize sumu ipi, itaje jina, na ipimwe kabla na baada. Ini na figo zinafanya hiyo kazi usiku na mchana, na zikishindwa kweli hospitali wanajua kupima. "Ukiumwa zaidi mwanzoni ujue dawa inafanya kazi", hapana, hayo yanaweza kuwa ndo madhara yenyewe na mtu anaambiwa aendelee.

Shuhuda zinawagusa watu sana na siwalaumu, mtu ana maumivu ya miaka anasikia voisi ya mama anayelia kwa furaha. Ila maradhi mengi yanapanda na kushuka yenyewe, magoti leo yanauma wiki ijayo yametulia, na sisi tunanunua dawa siku yalipozidi, kwaiyo yakitulia sifa inakwenda kwenye kopo. Na aliyezidiwa harekodi voisi. Tunakumbuka mwaka 2011 nchi nzima ilivyoelekea Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, maelfu ya watu, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita, shuhuda zikawa kila mahali, na kuna waliokuwa na VVU na kisukari wakaacha dawa zao wakiamini wamepona. Wingi wa watu waliokwenda haukuwa kipimo cha kupona.

Hatua ya 6: wakisema "utafiti umeonyesha"

Uliza maswali manne. Ulifanywa kwa binadamu au kwa panya au kwenye chupa ya maabara? Watu wangapi? Walilinganishwa na wasiopewa? Na aliyelipia ni muuzaji?

Nina mifano miwili inayonifanya niheshimu swali la tatu. Finland walichukua wanaume wavuta sigara 29,133 wakawagawa, wengine wakapewa beta karotini, ile ya kwenye karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A, kwa matumaini kwamba itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994, waliomeza beta karotini walipata saratani hiyo asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Karoti kwenye chakula sawa, kidonge chenye dozi kubwa kwa mvutaji kikaleta kinyume. Bila kundi la kulinganisha nani angejua?

Wa pili ni wa hapa hapa nyumbani. Dar es Salaam miaka ya 1990 walichunguzwa wajawazito 1,078 wenye VVU. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walipata nafuu, mimba zilizoharibika na watoto njiti wakapungua, matokeo ya kwanza yalichapishwa 1998. Lakini vitamini A haikusaidia hivo, na baadae ikaonekana wale waliopewa vitamini A waliambukiza watoto wao zaidi. Vitamini zote hizo zinauzwa kwa jina moja la "kuongeza kinga". Ndo maana mtu akisema vitamini ni vitamini haziwezi kudhuru, simkubalii. A, D, E na K zinahifadhiwa mwilini, zikizidi zinalundikana, na vitamini A ikizidi kwa mjamzito inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Hatua ya 7: angalia zisigongane na dawa zako

Hili linasahaulika na ni la muhimu mno. Anayetumia TLD, kile kidonge cha VVU, ndani yake kuna dolutegravir, na madini chuma, kalsiamu na dawa za kupunguza asidi tumboni zinaikamata isinyonywe vizuri. Meza TLD masaa mawili kabla ya chuma au kalsiamu au masaa sita baada yake, au kama ni chuma au kalsiamu vimeze kwa pamoja ukiwa unakula chakula. Antibayotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini usizimeze na maziwa wala vidonge vya chuma. Mjamzito anayepewa SP kliniki kwa kinga ya malaria asimeze foliki asidi ya miligramu 5 aliyojinunulia, inapunguza nguvu ya SP, ile ndogo ya kliniki haina shida. Na wa dawa za kuyeyusha damu kama wafarini asianze vidonge vya kitunguu saumu au tangawizi kimya kimya, anaweza kuvuja damu.

Hatua ya 8: makopo matatu ya kukaa nayo mbali kabisa

La kwanza ni ya kunenepa na shepu. Vingi ni vidonge vya deksamethasoni na siproheptadini vilivyotolewa kwenye pakti yake vikawekwa kwenye kimfuko kisicho na jina. Deksa inajaza maji na mafuta usoni na tumboni, mtu anajiona kapendeza, huku sukari na presha zinapanda, mifupa inalegea na kinga inashuka. Nikiona dada uso umekuwa mviringo ghafla, ngozi ya shavuni imevutika inang'aa, na mikono na miguu imebaki vile vile, swali langu la kwanza ni kama anameza hivyo vidonge.

La pili chai za kukata tumbo. Nyingi zina sena, ni dawa inayomfanya mtu aharishe, kilo zinazopungua ni maji na kinyesi, na potasiamu inatoka nayo, moyo unaweza kupiga vibaya. La tatu unga na asali za nguvu za kiume. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta ndani yake sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, iliyotiwa kwa siri, na mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti presha yake inaweza kuporomoka akafa. Unga wa kisukari nao hivo hivo, unaweza kuwa na dawa ya hospitali isiyotajwa, unameza na zako, sukari inashuka mpaka mtu anazimia.

Hatua ya 9: kama tayari wewe au mzazi wako anatumia

Usianze kwa kugombana. Bibi ukimwambia ametapeliwa ataficha kopo. Mwambie, bibi shikamoo, hebu tukusanye dawa zako zote tukazionyeshe kwa daktari, za hospitali na hizi nyingine, tena na zile za kimfuko. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja uende nao zahanati au hospitali ya Bombo, usitegemee kukumbuka majina. Mtoto akimeza vidonge vya chuma vingi mkimbize hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheza, sumu ya chuma inatulia kidogo alafu inarudi vibaya. Ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, kuvimba uso au vipele vya ghafla, simamisha kopo na uende, na kopo uende nalo, wao ndo watatoa taarifa TMDA.

Ila kama umetumia vidonge vya kunenepa zaidi ya wiki mbili tatu, usiviache kwa siku moja. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe, ukikata ghafla unaweza kuanguka kwa presha kushuka na kutapika. Nenda kwa daktari umwambie ukweli wote, umemeza nini, ngapi kwa siku, tangu lini, akupangie namna ya kushuka taratibu. Madaktari wanaliona sana hili, aibu isikuzuie.